Izaak Walton

Izaak Walton (Stafford, 1593 - Winchester, 15 Desemba 1683) alikuwa mwandishi na mfanyabiashara wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kitabu chake The Compleat Angler, kilichotolewa mwaka 1653, kinachohusu uvuvi wa ndoana na furaha ya maisha ya utulivu. Aliandika pia wasifu wa watu watano wa Kanisa Anglikana, na kwa hiyo huhesabiwa kati ya waanzilishi wa uandishi wa wasifu katika lugha ya Kiingereza.

Utoto na kazi

Walton alizaliwa Stafford, katikati ya Uingereza. Baba yake, mwenye kilabu cha pombe, alifariki mwaka 1597, mtoto akiwa bado mdogo sana. Hakupata elimu ya chuo kikuu. Alipokuwa kijana alikwenda London kujifunza biashara, akawa muuza vitambaa mwenye duka katika mtaa wa Fleet Street. Mwaka 1618 alikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Chama cha Wauza Vyuma, kimojawapo cha vyama vya wafanyabiashara wa mji huo.

Parokia yake ilikuwa St Dunstan-in-the-West. Mwaka 1624 mshairi na mhubiri John Donne aliwekwa kuwa kasisi wa parokia hiyo, na urafiki wao ulibadilisha maisha ya Walton. Kupitia kwake muuza duka huyo alifahamiana na wasomi na maaskofu.

Misiba na vita

Mwaka 1626 alimwoa Rachel Floud. Walizaa watoto saba na wote walikufa wakiwa wadogo. Rachel mwenyewe alifariki mwaka 1640. Baadaye Walton alimwoa Anne Ken, dada wa kambo wa Thomas Ken aliyekuja kuwa askofu. Kati ya watoto wao watatu, wawili walikua: binti Anne na mwana Isaac. Mke huyo wa pili alifariki mwaka 1662.

Misiba ya nyumbani iliambatana na misiba ya taifa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1642 kati ya mfalme na bunge. Walton alikuwa upande wa mfalme na kanisa lake. Upande huo ulishindwa: mfalme Charles I alikatwa kichwa mwaka 1649, maaskofu waliondolewa, na rafiki zake wengi makasisi walifukuzwa parokiani. Baada ya mapigano ya Worcester mwaka 1651, Walton alisaidia kupeleka London kito cha thamani cha Charles II, kazi ambayo ingeweza kumponza kama angekamatwa.

The Compleat Angler

Kitabu kilitoka katika hali hiyo. Kimeandikwa kama mazungumzo ya wasafiri wanaotembea kando ya mto Lea, kaskazini mwa London. Katika toleo la pili, la mwaka 1655, wasafiri ni watatu: mvuvi, mwindaji wa wanyama na mwindaji anayetumia ndege, kila mmoja akiusifu mchezo wake. Mvuvi anamfundisha mwindaji wa wanyama tabia za samaki, namna ya kuwavua na namna ya kuwapika. Katikati ya mafundisho kuna mashairi, nyimbo na chakula cha jioni katika nyumba za wageni. Siasa haitajwi waziwazi, lakini wasomaji walioshindwa vitani waliona humo faraja: subira na urafiki ni vitu ambavyo serikali mpya haikuweza kuvitwaa.

Walton aliendelea kukipanua kitabu hadi toleo la tano, mwaka 1676. Katika toleo hilo rafiki yake kijana Charles Cotton aliongeza sehemu ya pili kuhusu uvuvi wa kutumia nzi bandia, jambo ambalo Walton hakuwa fundi wake.

Karpu na chambo chake

Sura moja inamhusu karpu (Cyprinus carpio), samaki aliyeletwa Uingereza kutoka bara la Ulaya. Walton alimwona kuwa mjanja na mgumu kunaswa, akaeleza kwamba mtu anaweza kumvua siku tatu au nne mfululizo bila mshipi kuguswa. Kwa hiyo alitilia mkazo chambo. Alishauri kutwanga nyama ya sungura au paka pamoja na unga wa maharagwe na asali, kisha kufinyanga vidonge. Kidonge kinatakiwa kiwe kigumu kiasi cha kutosombwa na maji, lakini kisizidi ugumu. Ili kishike kwenye ndoana, huchanganywa na sufu kidogo. Alishauri pia kutupa chakula majini kabla ya kuvua, ili samaki wazoee mahali.

Shida aliyoieleza bado ipo: chambo kifike chini kikiwa kizima, na kiwe karibu na ndoana. Wavuvi wa karpu wa leo hutumia vifuko vya wavu vya plastiki inayoyeyuka majini. Hujaza chambo kikavu, hupitisha mshipi katikati ya kifuko kwa sindano ndefu, kisha huchomeka ndoana upande wa chini. Kifuko kikifika chini huyeyuka na kuacha rundo dogo la chakula kando ya ndoana.

Wasifu alioandika

Maisha ya Donne yalitoka mwaka 1640, yakafuatwa na ya Henry Wotton (1651), Richard Hooker (1665), George Herbert (1670) na Robert Sanderson (1678). Wataalamu husifu lugha yake nyepesi, lakini huonya kwamba aliwapamba wahusika wake na mara nyingine alikosea mpangilio wa matukio.

Tathmini

Walton alichukua mengi kutoka vitabu vya awali. Kitabu kimoja cha mwaka 1577 tayari kilikuwa na mazungumzo ya mvuvi na msafiri. Pia aliamini mambo yasiyo kweli, kwa mfano kwamba mikunga wengine huzaliwa na umande. Hata hivyo The Compleat Angler kimechapwa upya mamia ya mara.

Kifo na urithi

Baada ya ufalme kurudi mwaka 1660, Walton aliishi kwa muda mrefu katika nyumba ya rafiki yake George Morley, askofu wa Winchester. Alifariki akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika Kanisa Kuu la Winchester. Shamba lake la Shallowford aliuachia mji wa Stafford, ili mapato yake yawasaidie vijana maskini kujifunza kazi na yanunue makaa ya mawe kwa maskini wakati wa baridi kali. Nyumba ndogo ya shamba hilo sasa ni makumbusho.