Kenneth Grahame: Aliyekosa karo ya chuo kikuu akawa Katibu wa Benki Kuu

WATOTO wa vizazi vingi wamemjua Kenneth Grahame kama mtunzi wa The Wind in the Willows, hadithi ya fuko, panya na chura waishio kando ya mto. Wachache wanafahamu kwamba mwandishi huyo aliitumikia Benki Kuu ya Uingereza kwa miaka 29, tena aliingia humo bila shahada yoyote.

Grahame alizaliwa Machi 8, 1859 jijini Edinburgh, Scotland. Alikuwa na umri wa miaka mitano tu mamake alipofariki. Babake, ambaye alikuwa mtumwa wa pombe, alishindwa kuwalea watoto wake wanne. Wakapelekwa kwa nyanya yao mzaa mama huko Cookham Dean, karibu na mto Thames, na hapo ndipo kijana huyo alipoanza kuupenda mto.

Mnamo 1868 alijiunga na shule ya St Edward’s mjini Oxford. Aling’aa masomoni na michezoni, akawa kiranja mkuu. Ndoto yake ilikuwa kuvuka tu barabara za mji huo na kuingia Chuo Kikuu cha Oxford. Hata hivyo, ami yake, aliyeshika mkoba wa familia, alikataa katakata kulipa karo. Aliamua kijana atafute kazi benki.

Kuajiriwa katika Benki Kuu nyakati hizo hakukuwa lelemama. Shahada haikuhitajika, lakini mwombaji alilazimika kupendekezwa na mmoja wa wakurugenzi, kisha akalie mtihani wa kuandika. Asiyejuana na wakubwa hakuwa na pa kubishia hodi, hata angekuwa na akili za ajabu. Na aliyekubaliwa alisubiri hadi nafasi ipatikane. Grahame aliungoja mwito huo akifanya kazi za ukarani katika afisi ya ami yake jijini London.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba katika karatasi ya insha alizoa alama zote. Januari 1, 1879, akiwa na umri wa miaka 19, aliripoti kazini kama karani wa ngazi ya chini.

Mchana alishughulikia vitabu vya hesabu, usiku akashika kalamu yake mwenyewe. Kitabu chake, The Golden Age, kilichochapishwa mwaka wa 1895, kilimpa umaarufu. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 39, aliteuliwa kuwa Katibu wa Benki, mojawapo ya nyadhifa za juu kabisa.

Cheo hicho nusura kimtoe uhai. Mnamo Novemba 1903, mwanamume mmoja aliyetaka kumwona gavana alipelekwa kwa Grahame, akamfyatulia risasi. Zote zilimkosa, na mshambulizi huyo akabainika kuwa mgonjwa wa akili.

Grahame alijiuzulu mwaka wa 1908, sababu iliyotolewa ikiwa afya mbaya. Mwaka huo huo The Wind in the Willows kilichapishwa. Kilitokana na hadithi alizomsimulia mwanawe wa pekee, Alastair, kabla ya kulala.

Alastair ndiye aliyeingia Oxford, mahali ambapo babake alinyimwa. Lakini mnamo Mei 1920, akiwa bado mwanafunzi huko, alipatikana amefariki kwenye reli, siku chache kabla ya kutimiza umri wa miaka 20. Baada ya msiba huo babake aliandika machache mno.

Grahame aliaga dunia Julai 6, 1932 kijijini Pangbourne. Wosia wake uliposomwa, ilibainika kwamba mapato ya vitabu vyake aliyaachia Chuo Kikuu cha Oxford, yaisaidie maktaba ya Bodleian. Chuo ambacho hakulipiwa karo akisome, ndicho alichokirithisha jasho la kalamu yake.