Kimathi na Bei ya Kichwa Chake

Kila linapotajwa jina la marehemu Dedan Kimathi, wengi wetu hukumbuka msitu, bunduki na kitanzi. Hayo ni haki yake. Lakini leo nataka kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana, nao ni upande wa fedha: jinsi binadamu anavyoamua kuuza au kukataa kuuza, na jinsi moyo unavyoitawala hesabu. Fikira hizi zilinijia nilipopita Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, na sababu yake msomaji ataiona mbele.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Tetu, katika Wilaya ya Nyeri. Nyumbani kwao hapakuwa na mali. Alisoma Karuna-ini na kisha Tumutumu, kwa wamishonari wa Kiskoti, na ili apate ada ilimbidi aokote mbegu za miti na kuziuza kwa idara ya misitu. Hata hivyo ada ilimshinda, masomo yakakatika. Akaingia jeshini kwa muda mfupi, akafundisha watoto, akafanya vibarua vya hapa na pale, na mwishowe akawa katibu wa chama cha KAU upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao siku hizi huitwa Nyahururu. Tabia ya ukarani haikumtoka. Hata msituni alitaka kila jambo liandikwe: mikutano, majina, barua.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Kimathi aliingia misitu ya Nyandarua. Haukupita muda mrefu serikali ya kikoloni ikatia bei kichwani mwake, pauni 500. Pauni moja wakati huo ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo zilikuwa shilingi 10,000. Kwa kibarua wa shamba la mlowezi, hizo zilikuwa fedha asizoweza kuziona hata akifanya kazi miaka mingi.

Sasa tujiulize. Nyeri ilikuwa imejaa maskini, na wengi walijua njia za msituni. Mbona miaka ilipita na Kimathi hakuuzwa?

Wenye kutangaza zawadi ile walidhani kwamba maskini hupiga hesabu moja tu: anachopata akitoa anachotoa. Kumbe mtu wa Tetu alikuwa na daftari nyingine. Upande mmja wa mizani zilikuwepo shilingi 10,000. Upande wa pili palikuwa na kiapo alichokula, jina la ukoo wake, macho ya majirani, na ardhi ambayo aliamini imechukuliwa kwa dhuluma. Tena tusifiche kitu: palikuwa na hofu pia, maana msaliti aliyejulikana aliuawa. Hayo yote hayakuandikwa katika tangazo la zawadi, lakini ndiyo yaliyoamua.

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Ziko amana ambazo mtu hazigusi hata akilala na njaa, na iko mali ya wakfu ambayo haina bei, hata aje tajiri na gunia la noti.

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba binadamu hapimi faida na hasara kwa kipimo kimoja. Uchungu wa kupoteza humwuma kuliko utamu wa kupata kiasi kile kile unavyomfurahisha. Kahneman alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, wakati huo mwenzake ameshafariki. Nami naona kwamba wanavijiji wa Nyeri walikuwa wameuishi ukweli huo kabla haujaandikwa kitabuni.

Lakini mkoloni naye alijifunza. Mwaka 1953 ilitungwa sheria ya kuwanyang'anya ardhi waliokuwa msituni. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi viunganishwe, kila mtu apewe hati yake, na Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa na chai kwa wingi. Katika Tetu ile ile alikozaliwa Kimathi, Chifu Muhoya alikuwa mstari wa mbele katika kuunganisha mashamba. Mpango huu ulikuwa na faida zake kwa kilimo, sikatai. Ila ndani yake mlikuwa na ujuzi wa nafsi ya binadamu. Asiye na kitu hana cha kuhofia. Mpe hati na miche ya kahawa, naye ataanza kuogopa kupoteza. Zawadi ya pauni 500 ilijaribu kumnunua mtu kwa faida. Hati ya shamba ilimfunga kwa hofu ya hasara, na kamba hii ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Pamoja na hayo ikatumika njaa. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa makwao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyolindwa, na handaki likachimbwa kando ya msitu ili chakula kisivuke. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Baadhi ya wapiganaji waliokamatwa waligeuzwa, wakarudishwa msituni kuwawinda wenzao chini ya afisa wa polisi Ian Henderson. Kiapo ambacho fedha haikukivunja kililegezwa na tumbo tupu na uchovu.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu, si mbali na alikozaliwa, na Ndirangu Mau, askari wa polisi wa kikabila. Kesi yake ilisikizwa Nyeri mwezi wa Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa shtaka la kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 36, na akazikwa humo humo gerezani bila alama.

Ndipo tunafika Ruring'u. Mwezi wa Desemba 1963, baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, wapiganaji waliosalia walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u kuweka silaha chini. Walikuja na nywele ndefu na nguo za ngozi, na matumaini ya ardhi. Lakini mashamba ya walowezi yalikuwa yakiuzwa, na mpango wa makazi wa ekari milioni moja uliendeshwa kwa mikopo yenye riba. Aliyekaa nyumbani akauza kahawa alikuwa na cha kuanzia. Aliyetoka msituni alikuwa na mikono mitupu, na mara nyingine akakuta kipande chake kimeandikwa jina la mwingine.

Nilisimama pale nikawaza kwamba hao ndio waliokuwa wamekataa shilingi 10,000. Kwa hesabu ya duka walipata hasara. Ila sidhani kama wangeulizwa wangeiita biashara, maana walichokuwa wakikilinda hakikuwa sokoni.

Leo Kimathi ana sanamu Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, na chuo kikuu chenye jina lake kipo Nyeri. Kwetu pwani, ambako suala la hati za ardhi limetutesa tangu sheria ya mwaka 1908, maisha yake yana funzo la karibu. Mtu akija na bei ya kiwanja cha wazee wako, usitazame noti peke yake. Jiulize ni kitu gani kinachokusukuma: faida, hofu, njaa au haya ya majirani. Ukishakijua, ndipo ujibu, maana noti zitakwisha na kiwanja hakitarudi.