Bibi Titi na Msamaha wa 1972

Kila zinapokaribia tarehe 26 Aprili na 9 Desemba, hapa Mhunze, kama popote penye jamaa wa mfungwa, masikio huelekezwa redioni kusikiliza ni nani waliosamehewa na Rais. Yafaa basi tumkumbuke Marehemu Bibi Titi Mohamed, ambaye naye alitolewa gerezani kwa kalamu hiyo hiyo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akavuma kwanza kwa uimbaji wa ngoma. Katika miaka ambayo TANU ilikatazwa huku kwetu Usukuma, tangu 1954 hadi 1958, yeye aliwaingiza wanawake chamani kwa maelfu, akizunguka nchi bega kwa bega na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1962 akawa Mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Kisha nyota ikafifia: mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji, na 1967 hakukubaliana na sharti la Azimio la Arusha lililowazuia viongozi kupangisha nyumba.

Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Telford Georges, na shahidi mkubwa wa Serikali alikuwa Potlako Leballo, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais, mwenzake wa zamani wa safari, akamsamehe.

Sisi twaufurahia msamaha ule. Lakini twauliza: ikiwa alitaka kuipindua Serikali, mbona maisha yaligeuka mwaka mmoja? Na ikiwa ushahidi ulikuwa na walakini, mbona aliachiwa kama mkosaji aliyehurumiwa? Sheria haikumlazimisha Rais kueleza, wala Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977 haimlazimishi. Msamaha huondoa adhabu, doa hulibakiza. Bibi Titi alirudi nyumbani akakuta marafiki wengi wa siasa wanamkwepa.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo habari ya kulinganisha. Abdulrahman Babu aliwekwa kizuizini Bara tangu 1972. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo mwaka 1974 naye hayupo, kwani Mwalimu alikataa kumpeleka. Akafunguliwa 1978. Hilo wengine huliita msamaha. Sisi hatuliiti hivyo: Serikali haiwezi kudai shukrani kwa kumfungulia mtu iliyemfungia yenyewe bila kumfikisha mbele ya hakimu. Maofisa wanaoandaa orodha za msamaha, Bara na Visiwani, na waandike sababu kando ya kila jina, na sababu hizo zitangazwe pamoja na majina.

Mwaka 1991, taifa lilipotimiza miaka 30 ya uhuru, Bibi Titi alitajwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara ya UWT jijini Dar es Salaam sasa yaitwa kwa jina lake.