Mwindaji aliyewatoza wawindaji wenzake

Wasomaji wangu, leo nawapeleka mbali kidogo na Pwani, hadi Marekani. Kila mjadala wa mikoko ukizuka hapa kwetu, mvuvi na mkata boriti ndio wa kwanza kuitwa maadui. Hapo mimi humkumbuka Jay Norwood Darling.

Alizaliwa 1876, akakulia Sioux City, jimbo la Iowa. Uwindaji wa bata wa mwitu aliupenda tangu ujana. Kilichomtoa ni katuni za gazetini, alizozitia sahihi ya "Ding", zikampa Tuzo ya Pulitzer mara mbili, 1924 na 1943. Lakini bunduki hakuiacha. Kitoweo alikitaka, ila alijua bata hazaliwi chunguni.

Miaka ya 1930 ukame ulikausha vinamasi, na vingine wakulima walikuwa wameshaviondoa maji ili walime. Bata wakapungua vibaya. Machi 1934, Rais Roosevelt alimkabidhi Darling idara iliyosimamia ndege na wanyama wa mwitu, ingawa alikuwa wa chama pinzani na katuni zake zilimkejeli Rais huyohuyo. Mwezi huo pia ikatiwa saini sheria: kila mwindaji wa bata aliyefikisha miaka 16 anunue stempu ya dola 1 kila mwaka, na fedha ziende kununua na kutunza vinamasi. Stempu ya kwanza aliichora Darling mwenyewe, bata dume na jike wakitua majini. Zikauzwa zaidi ya 635,000.

Kuchora stempu ni jambo jepesi. Mimi nampa heko kwa ya 1935. Aliwakataza wawindaji kumwaga nafaka za kuwavutia bata, akakataza kufunga bata hai majini ili wawaite wenzao, na bunduki isibebe zaidi ya risasi 3. Wengi walimkasirikia, na hao ndio aliokuwa akiwinda nao! Mwaka huohuo akajiuzulu, akarudi kwenye katuni zake. 1936 alishiriki kuasisi shirikisho la kitaifa la wanyamapori, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki Februari 1962.

Stempu ile ingali inatolewa kila mwaka, sasa kwa dola 25, na katika kila dola senti 98 huenda kwenye vinamasi. Zaidi ya hekta milioni 2 zimehifadhiwa. Wanaolazimishwa kuinunua ni walewale wenye bunduki.