Tchaikovsky na Rafiki Yake

Pyotr Tchaikovsky, mtungaji mashuhuri wa Urusi, alipofika Moscow mwaka wa 1866, Nikolai Rubinstein alimkaribisha nyumbani mwake, akampa kazi ya kufundisha muziki. Walakini mwaka wa 1874 Rubinstein aliulaumu vikali mno muziki wake mpya wa piano, hata akatoka chumbani kwa uchungu. Baadaye Rubinstein aliupiga mwenyewe mbele ya watu, na urafiki ukadumu.

Mwaka wa 1881 Rubinstein alifariki Paris. Tchaikovsky hakupenda kamwe sauti za piano zichanganywe na za fidla na selo. Lakini huko Rome akamtungia marehemu muziki wa vyombo hivyo vitatu, piano ikitangulia, kwa kuwa ndicho chombo cha marehemu. Ulipigwa Moscow siku ilipotimia mwaka mmoja.

Tchaikovsky naye alipofariki mwaka wa 1893, kijana Sergei Rachmaninoff alimtungia muziki wa kumlilia, kwa vyombo vile vile.