Johann Heinrich von Thünen: Mkulima aliyeuliza msitu ukae wapi na shamba likae wapi

Kwa nini mchicha na maziwa hutoka mashamba yaliyo karibu na mji, nafaka hutoka mbali kidogo, na ng'ombe wa kuchinjwa hutoka mbali kabisa? Wengi wetu tumeliona jambo hili tangu utotoni, wala hatujawahi kuliuliza. Mtu mmoja aliliuliza miaka zaidi ya 200 iliyopita, akakaa na daftari lake miaka mingi mpaka akapata jibu. Aliitwa Johann Heinrich von Thünen, mkulima wa kaskazini mwa Ujerumani. Wanafunzi wa jiografia na uchumi bado hulisoma jina lake darasani. Katika makala hii tunaeleza maisha yake, na kwa nini hesabu zake zinamhusu mtu yeyote mwenye kipande cha ardhi.

Mtoto wa pwani

Thünen alizaliwa tarehe 24 Juni 1783 katika shamba la wazazi wake karibu na mji wa Jever, si mbali na pwani ya Bahari ya Kaskazini. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake aliolewa tena na mfanyabiashara wa mbao katika bandari ndogo ya Hooksiel. Kwa hiyo kijana huyu alikulia kati ya mambo mawili ambayo yangemshughulisha maisha yake yote: shamba upande mmoja, mbao upande wa pili.

Alipokuwa kijana alipelekwa katika chuo cha kilimo kijijini Groß Flottbek, nje kidogo ya jiji la Hamburg. Hamburg ilikuwa na watu wengi, na watu wengi hula sana. Thünen aliona kwamba wakulima wa karibu na jiji hawakulima kama wenzao wa mbali. Walinunua samadi kutoka mjini, hawakupumzisha ardhi yao, na walipeleka sokoni vitu visivyoweza kusubiri. Alianza kujiuliza: kama mtu angesafiri kutoka jiji hilo kuelekea mashambani, kilimo kingebadilika vipi hatua kwa hatua? Alikuwa na miaka ipatayo 20 swali hilo lilipomwingia, na hakuliacha tena.

Baadaye alisoma kwa Albrecht Thaer mjini Celle, mwalimu wa kilimo aliyesifika kuliko wote Ujerumani wakati huo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Lakini hakutaka kubaki mtu wa vitabu. Mwaka 1806 alimuoa Helene Berlin, akaanza maisha ya mkulima.

Shamba la Tellow

Ulikuwa wakati mgumu. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yanapita Ujerumani, na shamba la kwanza alilokodi Thünen halikumpa mafanikio. Mwaka 1810 alihamia Tellow, shamba kubwa katika nchi ya Mecklenburg, na hapo ndipo alipoishi mpaka kufa kwake.

Alipofika Tellow alifanya jambo ambalo majirani zake wengi hawakulifanya. Aliandika kila kitu. Aliandika siku ngapi wafanyakazi walitumia kulima kila kipande, farasi walikula kiasi gani, samadi ilikwenda wapi, na kila shamba lilitoa nini. Kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1810 hadi 1815, hesabu hizo ziliandikwa kwa makini ya hali ya juu. Alitaka kujua gharama halisi ya kila gunia, si kukisia.

Soko la Tellow lilikuwa mji wa Rostock. Nafaka ilipelekwa kwa gari la farasi, na barabara za wakati huo zilikuwa mbovu. Thünen aliona kwamba farasi waliovuta mzigo walihitaji kula njiani, na chakula chao kilikuwa nafaka ileile. Kadiri soko linavyokuwa mbali, ndivyo sehemu ya mzigo inavyoliwa kabla ya kufika. Ukienda mbali vya kutosha, farasi na mwendeshaji watakuwa wamemaliza mzigo wote, na hakuna kitakachobaki cha kuuza. Udongo unaweza kuwa mzuri sana, lakini umbali ukaufanya usiwe na thamani kwa kilimo cha kuuza nafaka.

Mji mmoja katikati ya tambarare

Mwaka 1826 alichapisha kitabu mjini Hamburg. Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kuliita Dola Iliyojitenga. Ndani yake aliwaomba wasomaji wafikirie nchi isiyokuwapo: tambarare kubwa, udongo wa aina moja kila mahali, mji mmoja tu katikati, hakuna mto wala mfereji, na nje ya tambarare ni pori. Kisha akauliza kila mkulima angefanya nini ili ardhi yake imletee faida kubwa kuliko zote.

Jibu lake lilikuwa maduara, moja nje ya jingine, kuuzunguka mji. Duara la kwanza, lililo karibu kabisa, ni la mboga, matunda na maziwa, kwa sababu vitu hivi huharibika haraka. Baada ya mboga na maziwa yanafuata maduara ya nafaka. Nafaka ya karibu hulimwa kwa nguvu nyingi na kwa kubadilisha mazao, ile ya mbali hulimwa kwa kupumzisha ardhi. Duara la mwisho ni la mifugo, kwa kuwa mnyama hujipeleka sokoni kwa miguu yake.

Lakini tumeruka duara moja, nalo ndilo lililowashangaza wengi. Duara la pili, kabla hata ya nafaka, Thünen alilitoa kwa msitu.

Msitu ulio karibu na mji

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme gari moja la nafaka huuzwa mjini kwa 100, na gari moja la kuni huuzwa kwa 20. Kulisafirisha gari lolote kwa mwendo wa siku moja hugharimu 10. Mkulima aliye mwendo wa siku mbili akileta nafaka, hubakiwa na 80. Akileta kuni, habakiwi na chochote, maana thamani yote imeishia njiani. Kuni ni nzito na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo msitu wa kuuza kuni hauwezi kukaa mbali, hata kama huko mbali ardhi ni tele.

Tukumbuke kwamba katika siku za Thünen kuni ndizo zilizopika chakula na kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali ya Ulaya. Mji usio na msitu karibu ulikuwa mji ulio hatarini.

Hapo ndipo penye fundisho lake gumu zaidi. Ardhi iliyo karibu na mji hutamaniwa na kila mtu. Mwenye ardhi hatabakiza miti pale kwa mapenzi tu. Ataibakiza endapo bei ya kuni na mbao itamlipa walau sawa na mazao mengine ambayo angeyapanda. Bei ya kuni ikiwa ya chini mno, shoka litaingia, jembe litafuata, na baada ya miaka michache mji huohuo utatafuta kuni mbali na kwa bei ya juu. Kwa maneno mengine, msitu unahitaji kupangiwa mahali na kupangiwa thamani, kama shamba linavyopangiwa.

Thünen aliufikiria msitu kama akiba pia. Mti unaosimama ni fedha iliyowekwa, na ukuaji wake wa kila mwaka ni kama riba. Alifanya hesabu za misitu ya misonobari ili kujua mti ukatwe ukiwa na umri gani, na miti iliyosongamana ipunguzwe vipi ili inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Sehemu hiyo ya kazi yake ilichapishwa mwaka 1863, yeye akiwa ameshafariki.

Aliyejua mipaka ya hesabu zake

Wapo waliomcheka wakisema hakuna nchi duniani yenye maduara kama yale. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Alieleza kwamba mto unaopitika kwa mashua ungebadilisha picha yote, kwa sababu usafiri wa majini ulikuwa rahisi mara nyingi kuliko wa gari la farasi, na maduara yangenyooka kufuata mto. Mji wa pili ungekuwa na maduara yake. Udongo mzuri hapa na mbaya pale ungeyapinda.

Baada yake yalikuja mambo makubwa zaidi. Reli ilileta nafaka kutoka mbali, na makaa ya mawe yakachukua nafasi ya kuni katika miji ya Ulaya. Msitu haukulazimika tena kukaa mlangoni mwa mji.

Pia tunapaswa kusema kile ambacho hesabu zake hazikukipima. Msitu hushika udongo wa mlimani na hulinda chemchemi ya maji. Faida hizo haziuzwi kwa gari, kwa hiyo haziingii kwenye daftari la mwenye shamba, ingawa kijiji kizima huzitegemea. Mpango wa ardhi unaotazama bei ya soko peke yake utazisahau.

Daftari lilipomfikia mfanyakazi

Mecklenburg ilikuwa nchi ya mabwana wachache wenye mashamba makubwa na watu wengi wasio na ardhi. Watu waliofungwa kisheria kwenye mashamba ya mabwana waliachiwa huru mnamo mwaka 1820, lakini uhuru huo haukuja na ardhi. Katika miaka iliyofuata, maelfu waliihama nchi hiyo kwenda Marekani.

Thünen alikuwa mmoja wa hao mabwana, na daftari lake lilimwonyesha kitu kilichomsumbua. Mavuno yaliongezeka kwa mikono ya wafanyakazi, lakini wao walipata kiasi cha kuishi tu. Alitumia miaka mingi akitafuta mshahara wa haki ni upi. Mwisho aliandika fomula: chukua mahitaji ya lazima ya mfanyakazi, zidisha kwa thamani ya kile anachozalisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo. Wataalamu wa uchumi waliokuja baadaye waliipinga fomula hiyo. Lakini hawakuweza kusema kwamba mwenyewe aliiacha kwenye karatasi.

Mwaka 1848, Ulaya ikiwa imejaa maandamano na mapinduzi, alianza kuwapa wafanyakazi wa Tellow sehemu ya faida ya shamba. Sehemu ya kila mmoja iliwekwa kama akiba, riba yake ikitolewa kila mwaka, na fedha zenyewe zikisubiri uzee wake. Ni jambo lililokuwa geni mno wakati huo, na mabwana wengi wa jirani hawakulifuata.

Thünen alifariki Tellow tarehe 22 Septemba 1850, akiwa na miaka 67, akazikwa katika kijiji cha Belitz. Kwa kutaka kwake, kwenye kaburi lake iliandikwa ile fomula ya mshahara. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo alilotaka likumbukwe.

Nini kimebaki

Shamba la Tellow leo ni jumba la makumbusho. Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayochunguza maisha ya vijijini, misitu na uvuvi imepewa jina lake, na makao yake makuu yako Braunschweig.

Kwetu sisi wasikilizaji wa vijijini kumebaki maswali yake, na hayahitaji shahada kuyauliza. Zao hili huharibika kwa siku ngapi? Uzito wake ni kiasi gani ukilinganisha na bei yake? Kulifikisha sokoni hula sehemu gani ya bei hiyo? Miti yangu ikikatwa leo, kuni za miaka kumi ijayo zitatoka wapi, na nani atatembea kuzifuata? Na faida ikipatikana, waliolima nami wamepata nini?

Kijiji kinapokaa kupanga wapi palimwe, wapi palishwe mifugo na wapi pabaki msitu, hayo ndiyo ya kuwekwa mezani kabla ya kuchora mstari wowote kwenye ramani. Thünen aliyajibu kwa daftari na kalamu, akiandika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Daftari la namna hiyo bado linapatikana dukani kwa bei ndogo.