John Stewart MacArthur: Mtu aliyerudi kupima mchanga uliobaki

Wewe unayetusoma kwenye simu kule Mongbwalu, Nizi, Bambu ao Iga Barrière, unaijua vizuri ile milima midogo ya mchanga iliyo pembeni ya mashimo. Mawe yamesagwa, mchanga umeoshwa, zebaki imekamata dhahabu yake, watu wamegawana, na mchanga umeachwa. Baadaye kidogo mtu mwingine anakuja na lori, anaununua kwa bei ya bure. Ndugu zetu wa Tanzania, kule Geita na Kahama, wana jina lake: wanaita marudio. Na yule anayenunua marudio hatafuti mchanga wa kujengea nyumba.

Juu ya nini analipa pesa kwa kitu ambacho mwenye shimo amekitupa? Jibu linatoka kwa mtu mmoja wa Glasgow, mji wa Scotland, ambaye amekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1902 wenzake wa kazi walimpa medali ya dhahabu. Wakati huo tribinali ilikuwa imekwisha kumnyang'anya haki ya kazi ile ile aliyopewa medali kwa ajili yake. Leo tunasimulia maisha yake.

John Stewart MacArthur alizaliwa Glasgow mwezi wa 12, mwaka 1856. Hakupitia chuo kikuu kikubwa. Mwaka 1871, akiwa na miaka 14, aliingia kwenye maabara ya kampuni ya Tharsis kama kijana wa kujifunza kazi. Kampuni hiyo ilileta mawe ya shaba na salfa kutoka Hispania, na katika mawe hayo kulikuwa pia na fedha na dhahabu kidogo sana. Kazi ya kijana wa maabara ilikuwa kupima: jiwe hili lina nini ndani, na baada ya kulishughulikia kimebaki nini. Alifanya hiyo kazi miaka mingi. Mimi naona hapo ndipo alipopata kile kilichomsaidia baadaye, kuliko kitabu chochote.

Miaka ya 1880 kulikuwa Glasgow na kampuni moja, Cassel, iliyokuwa imewaahidi wenye hisa kwamba itatoa dhahabu kwenye mawe magumu kwa njia ya klorini. Njia ile ilishindwa. Pesa za watu zilikuwa zimeingia, dhahabu haikutoka. (Hapa kwetu wengi wanaijua hiyo hadithi bila kufika Scotland.) MacArthur aliungana na ndugu wawili, Robert na William Forrest, wote waganga wa hospitali, si watu wa migodi hata kidogo. Walifanya kazi usiku, baada ya wagonjwa kwenda zao, katika chumba cha chini cha nyumba ya matibabu mtaa wa Gorbals, mtaa wa watu masikini. Walijaribu dawa moja baada ya nyingine wapate maji yanayoweza kuyeyusha dhahabu na kuacha jiwe.

Mwezi wa 11, mwaka 1886, walijaribu sianidi, ile ambayo watu wa Kifaransa wanaita cyanure. Kwa kujua kama dhahabu imeyeyuka, walikuwa wanapitisha gesi fulani katika maji ya dawa, na kama dhahabu imo, inapaswa kujionyesha kwa kushuka chini. Haikushuka. Wakaandika kwamba sianidi imeshindwa, wakaendelea na dawa nyingine. Karibu mwaka mzima ukapita hivyo.

Kumbe dhahabu ilikuwa ndani ya maji wakati wote. Sianidi inaishika dhahabu kwa nguvu, na ile gesi haiwezi kuitenganisha. Kipimo chenyewe ndicho kilikuwa kibaya. Mwaka 1887 wakabadilisha njia: badala ya kuuliza maji yamebeba nini, wakachukua mchanga uliobaki na kuupima. Kama mchanga ulianza na dhahabu na sasa hauna, basi dhahabu imekwenda mahali, hata kama haionekani. Waliporudi kwenye sianidi kwa kipimo hicho wakaona mchanga umebaki karibu mtupu. Tarehe 19, mwezi wa 10, 1887, waliomba hati ya haki ya uvumbuzi, ile ambayo kwenye ofisi za kwetu inaitwa brevet.

Tueleze kidogo namna inavyofanya kazi, juu wengi wanaisikia tu kwa jina. Jiwe linasagwa liwe unga. Unga unalowekwa katika maji yenye sianidi kidogo sana, na hewa lazima iingie, maana bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Maji yanaondoka na dhahabu. Sasa namna ya kuirudisha: mwaka 1888 MacArthur alipata hati nyingine kwa kupitisha maji hayo kwenye zinki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Zinki inaingia ndani ya maji, dhahabu inatoka na kushika pale. Nguvu ya njia yake ilikuwa katika mambo hayo mawili pamoja: sianidi iliyo kidogo, na zinki iliyo nyembamba. Dawa ikiwa kali sana inakula madini mengine yote na pesa inapotea.

Mwaka 1889 njia hiyo ilianza kazi ya kweli New Zealand, kwenye mgodi wa Crown, Karangahake. Lakini iliyoipa jina ni Johannesburg. Kule dhahabu ilionekana mwaka 1886, mji ukazaliwa ndani ya miezi michache. Kufika 1889 na 1890 wachimbaji walishuka chini zaidi wakakuta jiwe limebadilika: la juu lilikuwa limelainishwa na hewa na mvua, la chini lilikuwa limejaa salfa. Zebaki ikashindwa kushika vizuri. Sehemu kubwa ya dhahabu ilikuwa inakimbia na mchanga. Hisa za migodi zikaanguka, watu wakaanza kufunga maduka na kuondoka. Wengi waliamini Johannesburg imekwisha.

Mwaka 1890 watu wa MacArthur wakaonyesha njia yao kwenye mgodi wa Salisbury. Walichukua mchanga ambao zebaki ilikuwa imekwisha kupita, wakatoa humo dhahabu ambayo mwenye mgodi alikuwa ameihesabu imepotea. Mwaka ule wa kwanza, dhahabu yote ya sianidi kule haikufika wakia 300, yaani haikufika kilo 10. Mwaka 1893 ilipita wakia 300,000, karibu tani 10. Mji haukufa tena.

Na hapo ndipo matatizo ya MacArthur yalianza. Kampuni iliyoshika hati yake ilitaka malipo kwa kila anayetumia njia ile. Wenye migodi waliona mzigo ni mkubwa. Wakatafuta mawakili, na mawakili wakatafuta vitabu vya zamani. Wakakuta kwamba sianidi kuyeyusha dhahabu halikuwa jambo jipya: Scheele wa Sweden aliliona katika karne ya 18, familia ya Elkington, Uingereza, iliitumia mwaka 1840 kupaka vyombo dhahabu, mtoto wa kifalme wa Urusi anayeitwa Bagration aliandika juu yake 1843, na Mjerumani Elsner akaeleza kazi ya oksijeni mwaka 1846. Yote ni kweli. Ila hakuna kati yao aliyefanya mgodi ufanye kazi. Mwaka 1896 tribinali ya Transvaal ikafuta hati. Tangu siku hiyo kila mgodi wa Johannesburg ulitumia njia ya MacArthur bila kumlipa hata senti. New Zealand ilifanya tofauti: mwaka 1897 serikali yenyewe ilinunua haki kwa pauni 10,000, kisha ikaacha wachimbaji watumie kwa malipo madogo.

Nani alikuwa na haki? Ukinisukuma nijibu, nitasema hati ya kwanza ilikuwa pana mno, ilidai karibu kila kitu chenye sianidi, na mtu anayedai kila kitu anajitafutia kesi. Lakini wale walioshinda tribinalini walikuwa haohao ambao miaka sita mbele walikuwa karibu kufunga mashimo yao. Hiyo nayo ni kweli.

Sasa medali. Chama cha wataalamu wa migodi na usafishaji wa madini kule London, Institution of Mining and Metallurgy, kilianzishwa mwaka 1892. Mwaka 1902 kikampa MacArthur medali yake ya dhahabu. Tribinali ilikuwa imeuliza swali moja tu: je, kuna mtu aliyesema jambo hili kabla? Wenzake wa kazi waliuliza lingine: je, nani amelifanya litembee, tani kwa tani, katika mchanga wa kweli? Kwa swali la kwanza alishindwa. Kwa swali la pili hapakuwa na ubishi. Zawadi nyingi za kazi hii zimeendelea kufuata swali la pili. Kule Marekani kuna ile ya Robert H. Richards, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya watu wa usafishaji wa madini, na Afrika Kusini chama cha wataalamu kilichozaliwa Johannesburg mwaka 1894, wakati sianidi ilikuwa habari ya mji, kipo hadi leo na kinatoa medali zake.

Lakini tuseme pia kile ambacho zawadi hizi haziangalii. Mwaka mmoja tu baada ya medali ile, 1903, wazungu wawili waliotoka Australia, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu kwenye mto Agola, karibu na Kilo. Mwaka 1905 uchimbaji wa Kilo ukaanza, kisha Moto 1911. Babu zetu walibeba mizigo ya migodi hiyo kwa miguu, wakachimba kwa kulazimishwa, na wengi hawakurudi nyumbani. Hakuna chama cha London kilichowatolea medali, wala majina yao hayakuandikwa. Aliyebeba jiwe mpaka kwenye kinu haingii kwenye orodha ya wanaosifiwa, ingawa bila yeye hakuna cha kusaga.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Djugu anapaswa kulijua, na hapa hakuna mchezo. Sianidi inaua. Kiasi kidogo kuliko nusu ya kijiko cha chai kinatosha kummaliza mtu mzima. Maji yake lazima yawekwe chokaa kila wakati, juu bila chokaa yanatoa gesi, na gesi hiyo inaua bila kelele. Mwezi wa kwanza, mwaka 2000, kule Baia Mare, Romania, ukuta wa bwawa la mgodi ulibomoka na maji ya sianidi kama mita za ujazo 100,000 yakaingia mitoni. Samaki walikufa mpaka nchi za jirani.

Tena mchanga ambao umekwisha kupitishwa zebaki ukiwekwa kwenye sianidi bila kuitoa kwanza ile zebaki, sianidi inayeyusha zebaki pia na kuibeba mpaka kwenye maji. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unahesabu tendo hilo kati ya yale mabaya kabisa yanayopaswa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo. Kwa hiyo yule anayenunua marudio na kuyaloweka karibu na kijito ambacho akina mama wanachotea maji, anafanya kitu ambacho hata dunia nzima imekubaliana kisifanywe. Na mwenye shimo aliyemuuzia, mara nyingi ameuza zaidi ya nusu ya dhahabu yake bila kujua, maana zebaki peke yake kwa kawaida haifiki nusu. Hajawahi kupima mchanga uliobaki.

Turudi kwa MacArthur. Medali haikumfanya tajiri, na hakukaa kuiangalia. Mwaka 1911, akiwa na zaidi ya miaka 50, alianza kazi mpya kabisa: kutoa radiamu, ile iliyogunduliwa na Marie Curie na mume wake. Alifungua kiwanda Runcorn, Uingereza, na mwaka 1915 akakihamishia Balloch, pembeni ya ziwa Loch Lomond, kwao Scotland. Ilikuwa wakati wa vita kubwa ya kwanza. Radiamu ilipakwa kwenye saa na vipimo ili askari waone usiku bila taa, na waganga waliitaka kwa ugonjwa wa kansa. Kazi ilikuwa ileile ya ujana wake: kusaga mawe mengi sana ili kupata kitu kidogo kuliko punje ya chumvi.

Alikufa Glasgow mwezi wa tatu, mwaka 1920. Hakuona kilichokuja nyuma. Kule Katanga, Shinkolobwe, mawe yenye radiamu nyingi kupita yote yaliyojulikana yalikuwa yameonekana mwaka 1915, na mwaka 1922 Wabelgiji walianza kuyashughulikia katika kiwanda cha Olen, kwao. Bei ya radiamu ikaanguka. Wale wa Marekani waliokuwa wakitumia mawe maskini wakafunga, na kiwanda cha Loch Lomond nacho hakikumaliza miaka ile ya 1920.